Mwanamke wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Asembo Bay
3 Oktoba 1972

Shemeji Beldina,

Nakusalimu wewe na kaka Wakhisi. Natumaini homa ya kaka imeondoka na mgongo wako umepoa. Huku mvua inanyesha kila siku baada ya chakula cha mchana. Watu wa nyumbani kwenu ni wazima, na mdogo wako Seline anasoma mpaka namhurumia. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Shemeji, nimeangamia. Jumamosi walimu wa fasihi ya Kiingereza tuliitwa kwenye shule moja ya misheni tuzungumzie mtihani wa Kidato cha Nne. Nilifika mapema nikaketi mbele. Wenzangu wakaingia, kila mmoja ameshika kitabu kinene cheusi, nikafikiri tutaanza na maombi. Kumbe ndicho Nyumba ya Madaraja Matatu chenyewe. Sura arobaini na moja, bila picha hata moja. Changu ni kile ulichotununulia Kisumu, kurasa sitini, na kila ukurasa una picha. Nilikikalia mpaka mkutano ukaisha.

Nilimuuliza jirani yangu, kama mtu anayetania, kama kile cha picha hakitoshi. Akacheka sana. Akasema hicho ni cha watoto wadogo, hadithi imekatwakatwa ikabaki mafuriko na harusi. Na mimi watoto kumi na wanane nimewafundisha hicho tangu Januari. Wanakipenda, wanakigombania, wanajua hata rangi ya gauni la Bi Agata. Mtihani ni tarehe 14 Novemba, na maswali yatatoka kwenye sura ambazo mwalimu wao hajawahi kuziona.

Unajua nilivyopata kazi hii. Wewe ndiye uliyewaendea wazee wa kwenu ukawaambia wamchukue shemeji yako, kwamba Mbukusu huyu anakijua Kiingereza. Shule ni ya harambee, wazazi waliichomea matofali wenyewe, na hii ndiyo mara ya kwanza inatoa watahiniwa. Watoto wakianguka, wazazi watawaondoa wadogo zao, na shule itakufa. Mwenyekiti wa kamati sijamwambia, namwogopa. Wala siwezi kuja Kisumu, maana nikikosekana darasani siku moja ataniuliza nilikuwa wapi. Nitafutie kile kinene, shemeji. Kimoja tu.

Shemeji yako,
Enos

Kisumu
6 Oktoba 1972

Mwalimu Enos,

Barua nimeipata kwa mkono wa Shitanda, kondakta wa basi la Asembo. Kaka yako ameanza tena kulalamika kwamba mboga haina chumvi, kwa hiyo najua amepona. Mgongo wangu usiuulize. Wewe ndiye naona umeugua, kunywa uji kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kosa ni langu. Nilipoingia lile duka vilikuwa vya aina mbili kwenye rafu, jina moja. Kimoja kinene, kimejaa vumbi, herufi ndogo kama mchwa. Vingine vyepesi, vinang'aa, kwenye jalada mwanamke mwenye kofia amesimama juu ya daraja. Nikajiambia kile kinene ni cha zamani, wamekitengeneza upya kikawa kizuri. Nikabeba vyote tisa vya picha, nikakisoma kimoja mpaka nikapita nyumba yangu mwenyewe. Sikuwa nimesoma hadithi tangu niache shule. Na wewe, mwalimu mzima, ulivipokea ukafurahi, hukuuliza chochote. Basi aibu tugawane.

Leo nimerudi dukani. Kile kinene kilishauzwa, na cha kuagiza Nairobi kitafika Desemba. Nimezunguka mpaka kwenye maktaba ndogo ya jumuiya, nyuma ya msikiti. Kipo. Anayekilinda ni Bwana Yahya, mzee wa mjini hapa, mpole, lakini sheria zake ni za jeshi. Kitabu hakitoki nje kwa sababu ni hicho kimoja na jalada limeachia. Nilimweleza habari ya watoto kumi na wanane. Akaniambia nikae nikisome pale pale, ila ninawe mikono kwanza kwa sababu nanuka samaki. Ni kweli, nilikuwa nimetoka kukaanga ngege pale karibu na reli tangu asubuhi.

Niambie basi nifanye nini. Nilifika Form Two kabla baba hajafa, Kiingereza changu hakijaoza chote. Lakini nikinakili kila neno tutaonana Krismasi.

Wako shemeji,
Beldina

Asembo Bay
10 Oktoba 1972

Shemeji mpendwa,

Ero kamano, asante sana. Umenirudishia usingizi wa siku mbili. Salamu kwa kaka, mwambie chumvi si nzuri kwa wazee.

Usinakili. Soma sura, kisha niandikie kwa Kiswahili kilichotokea: nani alifanya nini, nani alimkosea nani, na maneno yaliyosemwa kama ni mazito. Mimi nitayageuza Kiingereza ubaoni. Kila ukimaliza chache, mpe Shitanda.

Watoto nimewaambia ukweli. Wakawa wanavitazama vile vitabu vya picha kama vimewaibia. Seline akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwani picha zilikuwa za uongo?" Nikamjibu si za uongo, ni chache. Sijui kama nilijibu vizuri.

Siku zimebaki thelathini na tano.

Shemeji yako,
Enos

Kisumu
19 Oktoba 1972

Mwalimu,

Natumaini mvua imewaachia mahali pa kukanyaga. Sisi hatujambo. Wakhisi anakusalimu, anauliza lini utaoa ili usumbue mke wako badala ya wake.

Hizi ni sura kumi na tano. Mfungo wa Ramadhani umeanza na Bwana Yahya anafunga maktaba mapema. Masikini mzee amefunga na mimi namwingilia na harufu ya samaki wa kukaanga. Amenihamishia dirishani. Neno likinishinda nampelekea, analitafuta kwenye kamusi, kisha anabaki amesimama nyuma yangu, naye anataka kujua kinachofuata.

Sasa, Enos, fungua kile cha picha ukurasa wa kumi na tisa. Agata ameketi, na nyuma yake yuko mwanamke ameshika taa, uso haujachorwa vizuri. Hana jina. Kwenye kitabu chenyewe anaitwa Tabita, na ana sura nzima nzima peke yake. Ndiye aliyemlea Agata. Ndiye anayewasha moto, anayejua kila siri ya nyumba ile. Na mafuriko yalipokuja usiamini ile picha ya kapteni, mchumba wa Agata, amembeba Agata juu ya daraja la pili. Kapteni hakuwepo. Tabita ndiye aliyembeba, maji kifuani, na yeye mwenyewe ana homa. Waliochora wakampa kapteni kazi ile.

Nilipofika hapo nililia, yawa, jamani. Bwana Yahya alifikiri nimeletewa habari ya msiba. Miaka kumi na mitatu nimesimama nyuma ya moto ili wengine wasome, na sikujua kwamba mtu kama mimi anaweza kuandikwa kwenye kitabu.

Zingine zinakuja.

Beldina, shemeji yako

Asembo Bay
26 Oktoba 1972

Shemeji Beldina,

Salamu zangu na za darasa zima. Afya yangu ni ya wasiwasi, chakula hakipiti.

Nilipowasomea sura zako wote walifungua ukurasa wa kumi na tisa bila kuambiwa. Nikakumbuka kwamba mwezi wa tatu binti mmoja, Perez, aliniuliza yule mwanamke wa taa ni nani. Nilimwambia ni mtumishi tu, tuendelee. Nimeona haya, shemeji. Seline amechukua kalamu ya wino akaandika jina la Tabita kando ya picha, na wenzake wamemfuata. Vitabu vyote tisa sasa vina jina lake.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati alikuja akasimama mlangoni. Aliona watoto wanaandika na hakuna kitabu hata kimoja kimefunguliwa. Akauliza vitabu walivyochangiwa viko wapi. Nikamdanganya kwamba tunapitia masomo ya zamani. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Wazazi wanangoja, Mwalimu." Akaondoka.

Nakuomba uongeze mwendo. Najua una samaki, una mume, una mgongo. Sina mtu mwingine.

Enos, shemeji yako

Kisumu
4 Novemba 1972

Mwalimu Enos,

Pole na wasiwasi. Hapa nyumbani ni wazima, ila kaka yako ameninunia siku mbili, anasema nimeolewa na maktaba. Wateja wangu wengine wamehamia kwa mama mwingine kwa sababu naondoka sokoni mapema. Na jana mafuta yaliniunguza kidole kwa kuwaza mambo ya Tabita. Ukiona mwandiko umepinda ndiyo sababu.

Tumefika sura ya thelathini na sita. Pete ya Agata imepotea na lawama imemwangukia Tabita. Yule yule aliyembeba majini. Amefukuzwa bila hata kupewa sanduku lake la nguo, na sura inaisha yuko nje ya lango, mvua inamnyeshea. Bado sura tano.

Sasa sikiliza jambo baya. Idi ni Jumatano. Maktaba imefungwa tangu leo, na Bwana Yahya anakwenda Mumias na familia yake yote mpaka tarehe 14. Nilimwomba ufunguo. Alihuzunika, lakini akasema ufunguo ule ni amana, hawezi kumwachia mtu. Nikamwomba aniambie tu mwisho wa hadithi. Kumbe naye hajawahi kufika mwisho, amekuwa akisoma nyuma ya bega langu.

Huenda sura hizo zisiwafikie, Enos.

Shemeji yako,
Beldina

Asembo Bay
7 Novemba 1972

Shemeji,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Kama ninyi ni wazima, Mungu ashukuriwe.

Walimu wengine wamenihakikishia kwamba kila mwaka kuna swali moja kubwa la lazima linalohusu mwisho wa hadithi. Bila mwisho tumekwisha, na nikiwauliza walimu wa shule nyingine, mwenyekiti atajua. Watoto wangu wanajua kumwelezea Tabita kuliko wanavyojua kujieleza wenyewe, na watamfikisha langoni wamwache hapo. Seline hali chakula. Mama yenu ameniuliza kama nimemwadhibu.

Nenda nyumbani kwa huyo mzee, labda hajaondoka. Piga magoti. Tafuta dirisha. Fanya lolote, Beldina, nakulilia. Nikiwapeleka kwenye mtihani hivi, sitaweza kupita tena mbele ya nyumba ya mtu yeyote wa Asembo, na wewe vilevile, maana ndiwe uliyenileta.

Enos

Kisumu
10 Novemba 1972

Mwalimu,

Sisi ni wazima. Sura tano zilizobaki ni hizi. Usiniulize mlango ulifunguka vipi.

Pete ilionekana kwenye mfuko wa koti la kapteni. Agata alipojua alikimbia mpaka langoni bila viatu, akapiga magoti kwenye matope, akamwomba Tabita msamaha mbele ya watumishi wote. Akamwambia, "Ulinibeba, nami nikakuangusha." Tabita akamwinua. Alikataa malipo, akachukua sanduku lake na ile taa tu. Akapanda mashua kurudi kwao. Ufukweni mdogo wake alikuwa anamngoja na taa nyingine. Alimwacha akiwa mdogo sana, sasa amekuwa mkubwa na ana kitabu kwapani. Wakaingia nyumbani. Hapo ndipo hadithi inaisha.

Wasomee taratibu.

Beldina

Asembo Bay
15 Novemba 1972

Shemeji yangu, mama yangu, kila kitu changu,

Salamu nyingi kuliko karatasi hii. Uzima ninao, leo nimekula sahani mbili.

Swali limekuja! Liliuliza hivi: Tabita anapata malipo gani mwishoni mwa hadithi, na hilo linatuonyesha nini kuhusu Bi Agata? Wote kumi na wanane wamelijibu. Wametoka nje wanaimba. Wameandika magoti, matope, mashua, taa. Perez aliomba karatasi ya ziada. Seline peke yake alitoka kimya, nafikiri ni uchovu.

Mwenyekiti amenishika mkono. Shule imesimama, Beldina, na wewe ndiye uliyeisimamisha ukiwa na mikono yenye samaki. Mwambie Bwana Yahya Idi njema hata kama imepita.

Shemeji yako anayekushukuru,
Enos

Asembo Bay
9 Desemba 1972

Shemeji Beldina,

Hamjambo huko? Hii ni barua ya tatu. Shitanda anasema unazipokea, unazikunja unazitia kwenye aproni, na hujibu kitu. Kama kaka amekukasirikia kwa ajili yangu, niambie nije nimwombe radhi. Kama unaumwa, niambie pia. Kimya chako kinaniogopesha.

Enos, shemeji yako

Kisumu
22 Desemba 1972

Enos,

Natumaini uko mzima, kwa sababu ukimaliza kusoma hutakuwa.

Zile sura tano si za kitabu. Ni zangu. Nilikwenda kwa Bwana Yahya kama ulivyoniambia, jirani yake Zeituni akaniambia wote wameshakwenda Mumias. Nikarudi maktaba. Madirisha yana nondo. Nikakaa kwenye ngazi na barua yako mkononi, ile ya kunililia, nikaanza kukisia huenda mwisho ukawa hivi ama hivi. Nilikuwa na karatasi za kufungia samaki. Kalamu ikaendelea. Nilipomaliza niliamini kabisa kwamba ndivyo ilivyo, isingewezekana iwe vingine baada ya yote yale. Na basi la Shitanda lilikuwa linapiga honi.

Tarehe 14 mchana Bwana Yahya alifungua. Nilizisoma zile sura nimesimama. Enos, pete haionekani. Tabita anarudi langoni kuomba sanduku lake, Agata yuko ndani anamwona kwa dirisha, na anamtuma mpishi aseme hayupo. Sanduku linatupwa nje kwenye mvua. Tabita analibeba anashuka barabara, na kitabu hakisemi alikwenda wapi. Ukurasa wa mwisho Agata anamimina chai, anawaambia wageni kwamba siku hizi watumishi waaminifu ni shida kuwapata. Imeisha hapo. Kwa saa ile karatasi za watoto zilikuwa zimeshakusanywa.

Sikukujibu kwa sababu kila barua yako ilikuwa ya shukrani. Nilizichukua kama mwizi. Umenisimulia jinsi walivyoandika magoti na matope, na mimi najua kila neno limewaangusha. Mdogo wangu pia. Niliacha shule ili yeye asome, kisha nikamwangusha kwa mkono wangu.

Ningeweza kukuandikia tu kwamba mwisho sikuupata. Ningekuwa nimefanya vizuri zaidi. Lakini nilikuwa nimemwacha barabarani kwenye mvua tangu sura ya thelathini na sita, na sikuweza kumwacha pale.

Usinisamehe upesi, nitajua unanidanganya.

Beldina

Asembo Bay
17 Machi 1973

Shemeji Beldina,

Nakusalimu, na kaka Wakhisi. Mimi ni mzima.

Miezi karibu mitatu sikukuandikia. Nilikuchukia, nakwambia wazi. Niliandika barua mbili za matusi nikazitia motoni. Matokeo yametoka. Kwenye fasihi hakuna hata mmoja aliyepita. Wachache wamebebwa na masomo mengine, Seline hakubebwa. Nafasi ya chuo cha ualimu aliyokuwa akiitarajia imempita kwa karatasi hiyo moja. Nilikusanya wazazi nikawaeleza yote, kuanzia vile vitabu tisa. Jina lako nililitaja, sikuwa na njia. Mama yenu aliinamisha kichwa. Mwenyekiti hakunikemea. Aliomba tu funguo za darasa. Mwezi ukiisha narudi kwetu Kimilili. Wazazi watano wameshawaondoa watoto.

Jana Seline alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Akaniambia alijua. Alijua tangu siku niliyowasomea mwisho, nilipofika kwa yule mdogo mtu mwenye taa na kitabu kwapani. Katika sura thelathini na sita Tabita hakuwa na ndugu hata mmoja. Mimi mwalimu sikuliona hilo, yeye aliliona. Nikamuuliza, kwa hasira nakubali, kwa nini basi aliandika vile kwenye mtihani.

Aliendelea kufunga kamba ya mzigo. Kisha akasema, "Nilijua ni dada. Nilitaka hata mahali pamoja paandikwe kwamba alifika nyumbani, na mimi nilikuwa namngoja."

Nilitoka nje nikazunguka darasa mara mbili.

Anataka kurudia mtihani akiwa huko kwako, na anataka kukisoma kile kinene mwenyewe, tangu sura ya kwanza. Cha picha hataki kukiacha, amekitia kwenye mfuko wake. Atafika Jumatatu na basi la Shitanda. Mpeleke kwa Bwana Yahya, na mkumbushe anawe mikono kabla hajakishika.

Bado ni shemeji yako,
Enos